Bomba la Wengineo

Ninayosimulia si ya hapo kale. Nchi yenyewe ipo, na leo asubuhi nimeilipa ushuru wake. Jina lake sitalitaja. Siogopi, ila jina lenyewe halijatoka. Tangu tupate uhuru liko kwenye kamati, na kamati inakaa, inakula, inaahirisha. Wimbo wa taifa nao tunauimba kwa kuguna, midomo tumefumba, kwa sababu maneno hayawezi kuandikwa kabla ya jina. Wageni wakitusikia husema wananchi hawa wana uchungu na nchi yao. Hawajakosea sana.

Mimi ni kinyozi. Duka langu linatazamana na lango la Shule ya Msingi Mseto, na mtu akishakukabidhi kichwa chake hukusimulia na yaliyomo, kwa hiyo redio sina haja nayo. Watu wananiita Baba Siku, kwa ajili ya binti yangu Sikudhani, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano.

Nchi yetu ina jamii nne. Kuna Wajuu, kuna Wachini, kuna Wakando, halafu tupo sisi. Siku ya sensa ya kwanza karani alifika kwetu jioni, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Alikwishaandika jamii tatu, akatutazama, akatazama jua linavyokwenda, akaandika "Wengineo", akaenda kula. Tangu siku hiyo ndilo kabila letu. Tuna ngoma za Wengineo na vazi la Wengineo, na mwaka juzi Waziri alitupongeza hadharani kwa kuitunza lugha ya Kiwengineo, ambayo wenyewe hatujawahi kuisikia. Tulipiga makofi, maana pongezi ni pongezi.

Ili tusigombane, kila kitu hugawanywa kwa utaratibu uitwao Mizani. Kazi, barabara, viti vya mbele, hata mbuzi wa sikukuu ya taifa. Wajuu hupata paja, Wachini mbavu, Wakando shingo, na Wengineo hupewa heshima ya kutoa neno la shukrani. Babu yangu alishukuru mpaka sauti ikamkauka. Mimi sina kinyongo, naeleza tu utaratibu, msije mkasema nimechochea.

*

Shule ya Mseto ilijengwa makusudi ili wageni wakija waonyeshwe. Watoto wa jamii zote nne walikaa dawati moja, wanatabasamu, wanapigwa picha. Masomo yalikuwepo pia, siku ambazo mpiga picha hakuja.

Hapo ndipo alipoletwa Mwalimu Tausi kufundisha sayansi. Alikuwa Mjuu wa ukoo mzito, angeweza kufundisha kwenye zile shule zenye nyasi na mabwawa ya kuogelea, lakini aliomba mwenyewe kuja Mseto. Siku ya kwanza aliandika ubaoni: "Andika ulichokiona, si ulichoambiwa." Kisha akaleta beseni la maji, akawaagiza watoto kila mmoja alete kitu kutoka kwao, waone kipi kitaelea na kipi kitazama.

Azaria, mtoto wa Kijuu aliyekaa dawati moja na binti yangu, alileta kizibo cha chupa. Watoto wa Kichini walileta mawe, maana kwao mawe ndiyo mengi. Kizibo kikaelea, mawe yakazama, na habari zikafika wilayani kabla maji hayajatulia.

Kesho yake alikuja Mkaguzi wa Uwiano, Bwana Pazi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Huyu ni mteja wangu wa kila Ijumaa na sijapata kumwona akitikisa kichwa, kukubali wala kukataa.

"Mwalimu," akasema, "nimearifiwa kwamba Wachini wamezamishwa."

"Ni mawe yao, Bwana Mkaguzi."

"Yote?"

"Yote."

"Na Wajuu wameelea."

"Ni kizibo."

"Unajua vita vya nchi jirani vilianzaje, mwalimu?"

Mwalimu Tausi hakujua. Mkaguzi naye hakujua, ila aliinamisha kichwa kwa huzuni kama mtu aliyekuwepo. Kisha akatoa agizo. Kuanzia siku hiyo vitu vingeelea kwa Mizani: Wajuu waelee wengi, Wachini wafuatie, Wakando wapewe wa kuelea mmoja, na Wengineo waelee nusunusu, nafasi ikipatikana.

Mwalimu hakubisha. Alichukua jiwe akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Tafadhali, Bwana Mkaguzi, tuonyeshe linavyoelea, watoto wajifunze kwa mkubwa."

Bwana Pazi akalisomea lile jiwe agizo lote, akaliweka majini polepole kama anamlaza mtoto mchanga. Likazama. Alilitazama kule chini muda wa kutosha, halafu akatangaza kwamba jiwe limeomba muda wa kujipanga, na kwa kuwa serikali ni sikivu, limekubaliwa.

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Sikudhani alinijia dukani mbio, begi linamgonga mgongoni. "Baba, jiwe halimwogopi Mkaguzi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

Kumbe alikuwa amemuuliza mwalimu swali. Alimuuliza, kwenye sayansi Wengineo tunapewa ngapi. Na mwalimu akamjibu hivi: "Sayansi haijagawanywa, Sikudhani. Ni kitu pekee katika nchi hii ambacho hakijagawanywa. Ukiangalia unaona, na ukishaona ni chako."

Nilikuwa na wembe mkononi nyuma ya sikio la mtu. Nikautua kwanza. Nilimpenda yule mwalimu, nasema wazi, nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja. Mwanawe mdogo, Kheri, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, nikawa namnyoa kila mwezi, na mama mtu akitia mkono mkobani nakasirika.

*

Sasa ngoja niwaeleze habari za tangi.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Uwiano na Mambo Yanayofanana na Hayo aliizawadia shule tangi la maji. Tangi refu kama nyumba, mbele limechorwa picha yake yeye mwenyewe amesimama, kofia mpaka viatu. Maji yalikuwa ya mto, yakiletwa na lori kila Jumatatu, yamejaa tope na kila kilichofia mtoni. Kuyachuja kulihitaji kamati.

Ugumu ulikuwa kwenye mabomba. Jamii nne haziwezi kunywa bomba moja, na mabomba manne hayawezi kulingana, kwa hiyo Mizani ikatumika. Bomba la Wajuu likafungwa juu kabisa, kwenye paji la uso la Mheshimiwa, na watoto wao wakawekewa ngazi. La Wachini likawa mdomoni. La Wakando likawa kwenye tai. La kwetu likawekwa kwenye viatu, chini kabisa, mpaka mtoto apige magoti ndipo anywe. Tulitoa neno la shukrani.

Mwaonaje mambo ya nchi hii? Jumatatu kila jamii ilikunywa kwa cheo chake. Jumanne maji yanashuka, bomba la Wajuu kavu. Wakashuka ngazi, wakaenda kwa Wachini kwa kisingizio cha kusalimia. Siku mbili baadaye na la Wachini kavu. Ikifika Ijumaa, linalotoa maji ni letu peke yake, na shule nzima, Wajuu kwa Wakando, imepiga magoti kwenye viatu vya Waziri. Nililiona hilo kutoka dukani kwangu kila wiki, na ninakiri lilinifurahisha.

Lakini kilichokuwa kinatoka pale Ijumaa hakikuwa maji. Kilikuwa uji wa kahawia. Watoto wakaanza kuharisha, wakaanza kutapika. Azaria akabebwa mgongoni na mama yake mpaka zahanati, macho yameingia ndani, akalazwa.

Serikali ikachunguza haraka. Ikagundua kwamba wagonjwa wote, bila kujali jamii, walikunywa bomba la Wengineo. Mkaguzi Pazi akatoa taarifa: kuna watu wanaotia uchafu kwenye bomba lao ili kuudhuru uwiano wa taifa. Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa atakuja mwenyewe kusikiliza mtaalamu, na ikithibitika, watoto wa Wengineo wataondolewa Mseto.

Hakuna aliyeuliza watoto wetu, waliokuwa wanaumwa vilevile, wametiliwa uchafu na nani. Binti yangu alikuwa ameharisha siku nzima. Kiti chake shuleni ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani cha kujivunia, na wateja wangu, watu ninaojua kila kovu la vichwa vyao, wakaanza kwenda kunyoa mtaa wa pili.

*

Darasa la tano hawakulia. Walifanya walivyofundishwa.

Sikudhani alipata mtungi wa plastiki, ile mitungi mirefu ya peremende ya dukani, unaona ndani. Mwalimu Tausi akapasha msumari moto, wakautoboa matundu manne, moja juu ya jingine, wakayaziba kwa vijiti. Wakajaza maji ya mto yenye tope, wakauweka dirishani Ijumaa mpaka Jumatatu. Azaria alikuwa ametoka zahanati siku hiyo, mwembamba, wakampa yeye kuchomoa vijiti.

Nilialikwa, nami niliacha mteja na povu kidevuni nikaenda. Azaria akachomoa kijiti cha juu: maji maangavu. Cha pili, maangavu. Cha tatu, mazuri. Cha chini kabisa, uji wa kahawia.

"Nani ametia uchafu tundu la chini?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna mtu," darasa likajibu.

"Sasa umefikaje?"

Sikudhani akanyoosha mkono. Mwalimu Tausi alikuwa mkali kwa hilo, husemi kabla hujaitwa. Alipoitwa akasema, "Umeshuka wenyewe, mwalimu. Umetua."

"Uchafu hauna ukoo," mwalimu akasema. "Una uzito."

Binti yangu hakuishia hapo. Akaomba tundu la chini lizibwe na mtungi ujazwe tena, na tena, siku baada ya siku, bila kuoshwa. Wiki ya pili tope likalifikia tundu la Wakando. "Baba," akaniambia, "wakitufukuza sisi, watafuata Wakando. Halafu Wachini. Si kwamba wana ubaya, ni tope linapanda." Aliwaonea huruma. Mtoto anayefukuzwa shule yeye, anawahurumia watakaofuata.

Jioni ya kuamkia ziara ya Waziri, Mwalimu Tausi alikuja dukani na Kheri. Nikamkalisha mtoto kwenye kile kibao cha kuongezea urefu. Nikamuuliza mwalimu, kwa sababu sikuweza kuvumilia: "Kesho itakuwaje?"

"Baba Siku, mtaalamu atakayeitwa kesho ni mimi," akasema. "Nitausimamisha mtungi mezani, nitachomoa vijiti mbele yake. Sikudhani atasimama ubavuni kwangu aeleze, nami nitasema nilichokiona. Lala usingizi."

Nililala. Bora nisingelala, nisingekuwa na nguvu za kuumia vile kesho yake.

*

Maturubai yalipigwa uwanjani. Wajuu kwenye viti vya kitambaa, Wachini viti vya plastiki, Wakando mabenchi, na Wengineo tulikuwa na nafasi nzuri ya kusimama. Pembeni ya jukwaa kulikuwa na gari jipya jeupe limefungwa utepe. Nilidhani ni la Mheshimiwa, lakini la Mheshimiwa lilikuwa jeusi.

Tuliguna wimbo wa taifa. Mheshimiwa akasimama mbele ya picha yake kwenye tangi, tukawa na Mawaziri wawili, mkubwa wa rangi na mdogo wa nyama.

"Ndugu wananchi," akasema, "maji ni uhai. Uhai ni watu. Watu ni serikali. Kwa hiyo mtu akisema maji ni machafu, jiulizeni anamsema nani."

Makofi.

"Serikali yangu inaheshimu sayansi. Tena nina habari njema. Tumeanzisha wadhifa wa Mkaguzi Mkuu wa Sayansi ya Taifa. Gari lake ni lile pale. Dereva yumo. Tunachotafuta ni mtaalamu mwenye macho ya kizalendo. Naambiwa anaweza kuwa hapa hapa. Mwalimu Tausi, karibu, mama, utuambie umeona nini."

Mwalimu akapanda jukwaani na mtungi. Sikudhani akapanda naye, sare nimeipiga pasi mwenyewe, nywele nimezipunguza mwenyewe. Mwalimu akauweka mtungi mezani, akatazama vijiti. Kisha akatazama lile gari. Halafu akautazama mtungi tena, lakini kwa namna nyingine, kama mtu aliyeshiba anavyotazama sahani.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi husema ninachokiona tu. Bomba la Wajuu nimeliangalia, maji ni safi. La Wachini ni safi. La Wakando ni safi. Uchafu nimeuona kwenye bomba la Wengineo peke yake. Ndicho nilichokiona."

Hapo ndipo alipopaswa kuendelea. Nilimngoja aendelee. Nilifikiri anameza mate, nilifikiri anatafuta neno. Vijiti havikuguswa.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nimelifikiria hilo miaka yote hii na bado linanichoma. Hakudanganya hata kidogo. Alichukua ukweli wetu, akaukata katikati kwa ustadi kuliko mimi ninavyokata nywele, akampa Waziri nusu aliyoitaka.

Sikudhani akanyoosha mkono.

Alinyoosha mkono tu, kidole juu, kama alivyofundishwa. Mwalimu wake alikuwa umbali wa kumgusa. Akamwona, maana nilimwona akimwona, akageuza uso.

Mheshimiwa akashukuru sayansi. Mkaguzi Pazi akautwaa mtungi kuwa ushahidi, na haukuonekana tena. Utepe ukakatwa. Kwenye viti vya mbele alikuwepo Mama Azaria, ambaye mwanawe ndiye aliyevichomoa vile vijiti, na ambaye aliniletea maandazi siku mtoto alipotoka zahanati. Nilimtafuta macho. Alikuwa anapekua mkoba wake kwa bidii, anatafuta kitu ambacho naamini mpaka leo hajakipata. Azaria alitaka kusimama. Akamkalisha kwa kiwiko.

Tukaguna wimbo wa taifa, watu wakaondoka, maturubai yakaanza kukunjwa. Binti yangu alikuwa bado jukwaani amenyoosha mkono, ameushikilia kiwiko kwa mkono wa pili kwa sababu ulikuwa umechoka.

Nikapanda, nikaushusha mimi mwenyewe. "Twende, mama," nikamwambia. "Hatakuita."

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu, maana utaratibu tunao. Watoto wa Wengineo walipewa Likizo ya Heshima isiyo na tarehe ya kurudi. Bomba letu likazibwa kwa saruji, na Waziri akaja kulizindua lilivyozibwa. Wakando walipiga vigelegele, nami sikuwalaumu, ila nilitamani mmoja wao angalau asipige.

Mwaka haukuisha, Wakando wakaanza kuharisha. Ikagundulika kwamba wagonjwa wote walikunywa bomba la Wakando. Mkaguzi Mkuu wa Sayansi alithibitisha kwenye redio ya jirani, kwa sauti niliyokuwa naijua, kwamba uchafu ameuona kwenye bomba hilo peke yake. Saruji. Likizo ya Heshima. Wachini wakapiga vigelegele, na baada ya muda na wao wakaugua, wakathibitishwa, wakazibwa. Ukigonga tangi kwa fimbo ulisikia tope limemfika Mheshimiwa mdomoni.

Shule ya Mseto ikabaki na Wajuu peke yao, wakipanda ngazi. Wageni wanapokuja, watoto wetu hukodishwa kwa siku ya picha.

Sikudhani nilimfundisha kunyoa. Ana mkono mwepesi. Maswali hakuuliza tena. Zamani alikuwa haachi kuuliza, kwa nini povu ni jeupe, kwa nini wembe unashika kutu, mpaka wateja wanacheka. Sasa anafagia, ananoa, anasema "ndiyo, baba". Watu wananisifu kwamba nina binti mtulivu. Ninapewa hongera kwa kitu kilichouawa.

Juzi hapa, mchana, gari jeupe likasimama mbele ya duka. Alishuka Mwalimu Tausi. Amenenepa kidogo, usoni amechakaa.

"Shikamoo, mwalimu," Sikudhani akasema, akapiga goti kidogo, kama tulivyomlea.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anajitazama kwenye kioo, akaacha. "Baba Siku, Kheri amelazwa. Ameanza Mseto mwaka huu. Anatapika tangu Ijumaa, na wenzake wengi."

Nikasema pole. Nilimaanisha. Mtoto nimemnyoa tangu nywele zake za kwanza.

"Nimekuja kwa Sikudhani," akasema. "Nataka ule mtungi utengenezwe tena. Niende nao kwa Mheshimiwa. Wewe mwanangu ulieleza vizuri kuliko mtu yeyote, ukisimama wewe..."

Mgeni akifika kwetu hupewa maji, hata awe nani, kwa hiyo Sikudhani aliingia ndani, akarudi na glasi juu ya sahani, akampa kwa mikono miwili.

Mwalimu akaipokea. Akaiinua mwangani. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akatazama chini yake. "Mnachota wapi siku hizi?" akauliza. "Mmeyachemsha?"

"Mwalimu," binti yangu akasema kwa upole kabisa, "mtungi huuhitaji. Wewe ulikuwepo. Vijiti vilichomolewa mbele yako, ukaona tulichoona. Mheshimiwa hakukosa mtungi siku ile."

Mwalimu Tausi akaishusha glasi.

"Na kunyoosha mkono nimeacha," Sikudhani akasema. "Kunywa maji, mwalimu. Ni ya kwetu."

Alikaa na ile glasi mkononi, anaitazama. Nilimwona anavyotaka kunywa na anavyoogopa, na sijui kipi kiliniuma zaidi. Mwishowe akaiweka juu ya meza ya wembe, hajaigusa mdomoni, akasema ana haraka, Kheri anamngoja. Gari likaondoka. Sikudhani akachukua ufagio.

Niliiacha glasi pale pale mpaka jioni. Nilipofunga duka nikaichukua, nikainama, nikaitazama chini kama mwanangu alivyonifundisha zamani. Hakikuwa kimetua kitu. Nikayanywa.